Ndege Iliyozibwa kwa Mawese

Nikipita Kizuka, jirani na kwetu, siku wanayokamua mawese, ile harufu ikinifika tu puani, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimenuna, nimeshika ndege ya plastiki. Msinicheke. Sijui mwingine anayekumbuka ndege kwa harufu ya mawese, lakini kwetu Rumonge, kando ya ziwa, ndivyo ilivyokuwa.

Dada yangu Zaituni alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mtu aliyerudi kutoka huko akatuletea boksi alilotutumia: vipande vya ndege ndogo ya abiria, vilivyoshikana kwenye vijiti, vya kukata, kuunganisha na kupaka rangi. Kwenye simu aliniambia, "Mariamu, ukimaliza kuijenga na kuipaka rangi, utaniona niko mulangoni." Alikuwa anatania, wakubwa ndivyo walivyo. Mimi nililishika lile neno kama kiapo.

Basi nikajenga. Nilikata vipande kwa wembe wa Mama, nikaunganisha mabawa kwa gundi, ile tunayoita kole, hadi vidole vikagandamana na ugali nikalishwa. Bawa la kushoto lilikaa kombo, na tumboni pakabaki ufa mwembamba kati ya nusu mbili. Sikujali, rangi ingeficha. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, na kwenye kopo lake kulibaki rangi nyeupe ya kunitosha.

Asubuhi ya kupaka rangi nilimkuta Baba amekaa uani, ndege iko magotini. Kwetu mtumbwi wa mbao haushuki ziwani kabla ya kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa zote kwa pamba iliyolowekwa mawese. Baba alikuwa anaikalafati ndege yangu. Kwa kijiti cha kiberiti alisukuma pamba kwenye ufa wa tumbo, taratibu, halafu akazungushia kila dirisha, na mawese yakamtiririka hadi kwenye viwiko.

Rangi na mafuta havipatani. Nilipaka, ikajikunja na kuteleza. Nikaosha kwa sabuni, nikapaka tena, ikakataa vilevile. Nililia kwa hasira, nikamwambia Baba neno ambalo mpaka leo linanitia haya: kwamba yeye ndiye anamzuia Zaituni asirudi, na kwamba tangu lini ndege ikapita majini.

"Sasa kutoka kule inapita juu ya nini?" akauliza polepole.

Bahari nilikuwa nimeiona kwenye ramani shuleni. Nilimgeuzia mgongo, maana jeuri yangu ilikuwa haijaisha.

"Basi," akasema. "Mutoto wangu iko ndani." Akachukua nyundo yake, akaenda kazini mwaloni, pale ufukweni panapotengenezwa mitumbwi.

Ndege haikumalizika. Niliitupa juu ya kabati, na kwa miezi mingi niliamini kabisa kwamba dada yangu amepotea kwa ajili ya rangi. Kila nikisikia hodi nilitazama kwanza kabati, halafu mlango.

Zaituni alirudi baada ya mwaka na nusu, amekonda, hana hata begi. Siku ileile alishusha ndege, akaipangusa vumbi, akapitisha ukucha kwenye ufa wa tumbo, akanusa.

"Nani aliikalafati?"

Baba alitazama vidole vyake. "Haiingizi maji," akasema.

Zaituni akaketi chini palepale, ndege kifuani, akalia. Mimi nilidhani analilia ile rangi iliyokataa kushika, nikamwahidi nitaipaka upya.

Nimekuwa mtu mzima ndipo Mama akaniambia. Juma lile Baba alipoziba ndege, simu ya Zaituni ilikuwa imefikisha siku kumi na saba haipatikani. Tajiri wake alikuwa amemnyang'anya simu na paspoti. Baba alijua, na mimi nikafichwa. Hakuwa na ofisi ya kwenda wala mtu wa kumpigia. Alikuwa na pamba na mawese.