Siku Kapu Ilipochukua Kombe

Jumapili iliyopita nilitoka Randburg kwenda Malvern, upande wa pili wa jiji, mtaa niliokulia, kulipiza kisasi. Usicheke, rafiki yangu. Wengine hurudi mtaa wa utotoni kutazama nyumba yao ya zamani na kufuta machozi. Mimi nilirudi kwa sababu ya video niliyotumiwa na dada yangu. Ndani yake timu yetu ya mpira, ile iliyofungwa na kila mwenye miguu, imechukua kombe la ligi ya Jumapili. Watu wanaimba, vuvuzela zinalia, na mbele kabisa, amevaa jezi yetu ya kijani, anarukaruka fundi cherehani.

Huyo fundi, ngoja nikueleze.

Utotoni tulipanga chumba nyuma ya Jules Street. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mlinzi kwenye duka la magodoro siku za kazi, na Jumapili alikuwa kipa. Timu ilianzishwa na watu wa kanisa letu, Wakongo wengi na Warundi wachache. Ilikuwa na jina zuri la kwenye Biblia, lakini hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima uliiita Kapu, kwa jinsi ilivyobeba mabao.

Asubuhi za Jumapili mama alikaanga mikate ya mviringo, mafuta yakichacharika, na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa jikoni kabla hatujaamka. Kazi yangu ilikuwa kuanua jezi. Wakati wa baridi nilizikuta kwenye kamba zimekakamaa kwa barafu, nikazikumbatia moja moja mpaka zilegee, na kifua changu kikalowa. Baada ya ibada tulikwenda moja kwa moja uwanjani. Uwanja haukuwa na nyasi, ulikuwa na vumbi la manjano lililopeperushwa kutoka vilima vya mchanga wa migodi, na lilitufuata mpaka kwenye sahani. Mama alitandika kitambaa pembeni, akapanga masufuria. Alisema tufungwe tusifungwe, watu watakula.

Ligi ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Aliyefungwa ndiye anayefungua nyavu, anang'oa milingoti na kuirudisha stoo ya kanisa. Aliyeshinda anakaa, anakunywa soda, anamtazama. Nadhani unajua ni nani waliobeba milingoti. Nilijua kukunja wavu kabla sijajua kusuka nywele. Mnashika ncha, mmoja huku na mwingine kule, mnatembea kukutana bila kuukanyaga. Papa alitoka upande ule, mimi upande huu, na tukikutana katikati alinifinya pua. Alikuwa ametoka kufungwa mabao sita na bado anacheka.

Fundi naye hakukosa Jumapili hata moja. Alipanga mlango wa pili kutoka kwetu, tulichota maji bomba moja, lakini timu yake ilikuwa ile ya Joubert Park, mabingwa wa kila mwaka. Kwetu alikuja kustarehe. Alisimama nyuma ya goli la papa, futi ya kupimia nguo shingoni, akapaza sauti: "Papa kipa, kuja nikupime! Nitakushonea mikono murefu!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jioni alitundika kapu kuukuu kwenye mlango wetu, na Jumatatu papa alipotoka kwenda kazini akiwa na sare yake alilisogeza kwa mkono, taratibu, akapita. Nami asubuhi hiyohiyo nilipaswa kusema, "Jambo, tonton," kama anavyosalimiwa mjomba, na kuinamisha kichwa, maana mama alikuwa ananitazama dirishani.

Papa alisema, "Mwache, mdomo haudaki mpira." Mama alisema, "Aliyeko juu, mngoje chini." Nilichagua la mama. Niliapa kwamba iko siku Kapu itashinda, na fundi atakunja nyavu mbele ya mtaa mzima, na mimi nitakaa kwenye kiti na soda yangu.

Papa alikufa hajagusa kombe lolote. Mama alirudi Bukavu, akazikwa huko. Wachezaji wa zamani wametawanyika, mmoja nasikia yuko Cape Town, wengine hata sijui kama wako hai. Mimi nikapata kazi ya ofisini, nikazaa watoto wanaonijibu kwa Kiingereza kila ninapowasemesha Kiswahili. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi fikiria uchungu wangu. Nilipoiona ile video nilipiga kelele za furaha mpaka watoto wakaja mbio jikoni. Halafu nikamwona fundi, na furaha ikachacha hapohapo. Nitamlipiza nani, ikiwa adui amehamia kwetu? Kibaya zaidi, dada aliniambia hizo jezi za ubingwa anazishona yeye, anaziuza mlangoni kwake, na watu wanapanga foleni.

Hata hivyo nilikwenda kwenye sherehe ya ubingwa. Uwanja sikuutambua. Una nyasi bandia na uzio, milingoti ni ya chuma na imezikwa kwenye zege, nyavu hazitolewi tena. Walioshindwa hupanda magari yao na kwenda zao. Sherehe ilikuwa pembeni, nyama inachomwa, muziki juu, na kati ya nyuso zote zile za kijani sikujua hata mmoja. Tulipofungwa, walikuwa wapi hawa? Nahodha akaomba shabiki wa zamani aseme neno. Akasimama fundi, mvi kichwa kizima, futi shingoni vilevile.

"Sisi tuliteseka na hii timu," akasema. Watu wakapiga makofi.

Sisi! Damu ilinipanda. Nilisimama na mimi, na mtego wangu ukiwa tayari. Nilijua kwamba mcheka husahau, mchekwa ndiye anayekumbuka.

"Tonton," nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "wewe uliyeteseka na sisi, tuambie. Siku ile ya mvua ya mawe, tulipocheza na Joubert Park, kipa wetu alivaa nini mikononi?"

Muziki ulipunguzwa. Alinikazia macho, kisha akanitambua.

"Binti ya kipa," akasema polepole. "Glovu ya njano. Ya mama yako, ya kuosha vyombo. Ya mukono wa kushoto ilikuwa na tundu ku kidole. Eish, nilicheka siku ile mpaka nikaikala chini."

Mtego wangu ulifyatuka mtupu. Naye hakuwa amemaliza.

"Na ile penalti, unaikumbuka?"

"Penalti gani?"

"Njo vile. Wewe hukuiona. Kila penalti ulikuwa unafunika uso na kitambaa ya mama yako. Mimi niliiona, nilikuwa nyuma ya goli. Papa yako aliidaka na hiyo mukono ya kushoto. Tulikuwa tumewafunga saba tayari, nani angeikumbuka? Lakini aliidaka, binti. Timu yangu, mupigaji wetu wa sifa, akamudakia. Sikucheka tena siku ile."

Ni kweli, nilikuwa nafunika uso. Kila mpigaji alipoweka mpira chini nilijizika kwenye kitambaa chenye harufu ya sombe, nikasubiri kelele za watu. Nilikuwapo Jumapili zote, rafiki yangu, na sijawahi kumwona baba yangu akidaka penalti hata moja. Walioona wamekufa au wametawanyika. Duniani amebaki mmoja, naye ndiye huyu.

Sijamsamehe, na usiniombee nimsamehe. Lile kapu la Jumatatu bado linaniuma. Lakini nilivuta kiti, nikakaa karibu yake, nikamwambia, "Tonton, anza tena. Anzia pale mpigaji alipoweka mpira."