Nani Anamtilia Kaka Kitu Kwenye Sufuria?

Kaka yangu alitoka bafuni na jicho moja.

La pili lilikuwapo, ila lilikuwa limezama ndani ya uso. Midomo imeumuka kama unga uliotiwa hamira. Shingo yote mabaka mekundu, na mikono anaikuna kama mtu aliyelalia siafu.

"Usinicheke," akasema.

Jamani, mimi nilikuwa sijacheka. Ila alivyosema vile, nikacheka.

Wifi yangu, mkewe, hakucheka. Alimvalisha shati haraka haraka wakaenda hospitali, mimi nikabaki na watoto na maswali ya majirani.

Kaka ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda. Wenzake wanamwita Chifu. Mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa, na tangu ndoa yangu ilipovunjika ninaishi kwake. Wifi ana duka la vitambaa, anatoka asubuhi anarudi jua likizama, kwa hiyo jiko la nyumbani ni langu. Hicho ndicho cheo changu pale. Napika, watu wanakuja, tunakula, tunawasema ambao hawakuja.

Walirudi na amri.

Daktari wa ngozi kasema kuna chakula kinachomkataa, ila hajui kipi. Basi kwa muda aache vyote vinavyoshukiwa: maziwa, mayai, ngano, karanga, samaki. Ngozi ikitulia, atarudisha kimoja kimoja, taratibu, mpaka mwizi ajulikane.

"Kwa hiyo mkate hamna?" nikauliza.

"Hamna."

"Na chai ya maziwa?"

"Wewe nani kakukataza? Mgonjwa ni mimi."

"Na wageni wakija wale nini?"

Wifi akanikata jicho. "Wageni watakula maneno yako. Yanashibisha."

Nikaacha utani. Kwa sababu nyuma ya mzaha huo kulikuwa na jambo zito. Meneja wa kiwanda alikuwa ameshasema kwamba mtu mwenye ngozi ya hivyo hawezi kukaa jikoni. Kampa muda tu, avae glavu na shati la mikono mirefu. Asipopona, jiko anapewa mwingine, yeye anahamia stoo kuhesabu magunia.

Kaka yangu, stoo! Mtu anayeisikia sufuria ikichemka akakwambia inataka nini!

Basi nikaingia kazini. Nilisugua vyombo mpaka mikono ikachubuka. Nikapika wali, maharage, nyama, viazi vitamu, mboga. Chakula chake cha mchana nikawa namfungashia aende nacho, asiguse cha kantini.

Hakupona.

Yaani angalau angekuwa anavimba moja kwa moja tungezoea. Mwisho wa wiki anatulia, anaonekana binadamu. Wiki ikianza, anarudi na uso wa hamira. Anatulia, anavimba. Anatulia, anavimba. Nyumba nzima ikawa haitulii. Kila asubuhi tunamwangalia usoni kama watu wanaoangalia mawingu.

Wifi akaanza kunusa sufuria zangu. Nikiosha mchele, yuko nyuma yangu. Nikifungua kabati, anachungulia.

Jioni moja sebule imejaa, majirani wapo, mimi niko katikati ya umbea mtamu, wifi akasimama.

"Mume wangu akishinda nyumbani nikimwona kwa macho yangu, anapona. Mimi nikienda dukani, sufuria ikabaki na mtu, anavimba. Niambieni, hiyo ni hesabu gani?"

Akaweka mikono kiunoni.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akamalizia, huku ananitazama mimi.

Jirani mmoja alikuwa amepeleka kikombe mdomoni, akasahau kunywa.

"Wifi, unasema mimi namtilia kaka yangu kitu?"

"Sijui kama unatia makusudi au ni huo mdomo wako, unapiga soga kijiko cha maziwa kinaingia hujui. Ninachojua, akitolewa jikoni kule, na wewe hapa utafute pa kukaa."

Nikamgeukia kaka. Nikasubiri aseme neno. Hata neno moja la kunisitiri.

Akakuna shingo. Akatazama miguu yake.

Hilo ndilo liliniuma. Maneno ya wifi niliyazoea. Ukimya ule wa damu yangu ulinikata maini.

"Sawa," nikasema. "Kuanzia sasa anachokula yeye ndicho ninachokula mimi. Sufuria moja, sahani moja. Kama nina sumu, tufe wote."

Wapendwa, msiape mkiwa na hasira.

Mimi mtu wa chai ya maziwa. Asubuhi kikombe, saa nne kikombe, mgeni akiingia kikombe, akitoka kingine cha kumsindikiza. Kuiacha ghafla pamoja na mkate, nilichanganyikiwa. Kichwa kinagonga. Mikono haitulii. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Naingia kwa jirani, nikisikia harufu ya chai natoka bila kuaga.

"Shoga, una mimba?" akaniuliza huyo jirani.

"Ya nani, ya viazi vitamu?"

"Basi umepewa masharti na mganga."

"Toka hapa!"

Huku nyuma, kaka bado anavimba. Na muda wa meneja unaisha. Wifi akaanza kuuliza watu, kwa sauti ya mimi kusikia, kama kuna anayejua chumba cha kupanga cha mtu mmoja.

Siku moja kaka akaondoka akasahau chakula chake mezani. Nikakikamata. Nikasema leo nakipeleka mwenyewe, nimkabidhi mkononi mbele ya watu, akile nikiona. Kisha nimshuhudie mpaka atoke kazini. Likinuka, linuke.

Mlinzi alinijua, akanipitisha. Nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

Joto! Moshi wa vitunguu! Masufuria makubwa ya kuogea mtu mzima! Na kaka yangu katikati, glavu mkononi, anatembea kama jemadari. Anachukua kijiko safi, anachota supu ya maziwa, analamba, anakitupa kijiko kwenye ndoo. "Chumvi." Anachukua kingine, anachota mayai ya kuvuruga, analamba, anatupa. "Zima moto." Kingine, mchuzi uliokazwa kwa unga wa ngano. "Bado mbichi."

Nikatazama ndani ya ile ndoo. Vijiko vimejaa hadi juu. Na wafanyakazi walikuwa hawajaanza hata kuja kula.

Nikamwuliza mama mmoja anayekata vitunguu, wanamwita Mama Kisu. "Vijiko vyote hivi kalia nani?"

"Hakuna aliyekula. Vya Chifu hivyo. Anaonja."

Nikapaza sauti.

"Kaka!"

Akageuka, kijiko bado kinywani.

"Unakula nini?"

"Mimi? Sijala kitu tangu asubuhi, mdogo wangu. Hata chakula nimesahau nyumbani."

"Na hicho kijiko?"

"Ah, hiki? Naonja."

"Mayai?"

"Naonja tu! Kuonja si kula!"

"Na tumbo lako limeambiwa hiyo tofauti?"

Mama Kisu aliweka kisu chini akaanza kucheka kwa mabega. Kaka hakucheka. Aliangalia kijiko. Akaangalia ndoo. Nikaona jicho lake, lile lililobaki wazi, linajaa maji.

"Miaka yote jikoni," akasema polepole, "sijawahi kuhesabu kijiko kuwa chakula."

Kisha akasema nililolisubiri tangu ile jioni. "Nilikuacha ukasemwa. Nisamehe."

Tulirudi nyumbani pamoja. Alimweleza wifi mwenyewe, wima, majirani wakiwapo, maana nilihakikisha wapo. Wifi alisikiliza hadi mwisho.

"Wifi, nilikukosea," akasema. "Nilitafuta adui, nikachukua aliye karibu."

Tukaendelea na maisha. Kantini, Mama Kisu akawa ndiye ulimi wa jiko, kaka anaamrisha kwa pua na macho tu. Ngozi ikatulia, ikatulia kabisa, na meneja akamwacha na masufuria yake. Kurudisha vyakula akarudishia hospitalini, kwa sababu uso ukivimba si mchezo. Mwizi akapatikana: mayai. Vingine vyote, maziwa yakiwemo, ruksa.

Nyumba ikafanya sherehe. Chai ya maziwa birika zima! Na mimi kiapo changu kimeisha, nikanywa kikombe, nikaongeza, nikaongeza. Nikaanza kusimulia habari ya binti wa jirani.

Sikuimaliza.

Tumbo likanguruma hadi watoto wakageuka. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena nikakimbilia chooni mbio za mtu aliyeona nyoka.

Mle ndani, jasho linanitoka, ndipo nikaelewa kuwa mwizi wangu mimi ni maziwa. Tangu nikiwa msichana tumbo langu linajaa upepo na kunisokota, nikadhani ndivyo matumbo yalivyo. Wakati wote ule wa viazi na maharage halikunisumbua hata mara moja. Nililaani kila sahani, kumbe nilikuwa napona ugonjwa nisioujua.

Wifi akaja kugonga mlango, sauti imejaa kicheko.

"Wifi! Nani kakutilia kitu?"

Nikacheka huku nimeshika tumbo. Kaka naye huko sebuleni nikamsikia anacheka. Sikuwa natafuta tena pa kukaa.

Siku hizi wageni bado wanakuja, na chai yangu ni ya rangi. Umbea haujapungua ladha.

Nawaachia hili. Ukitaka kujua nini kinakuumiza, punguza kwanza, usikilize mwili. Ila hesabu na vya kuonja. Na usimfungashie mtu virago kabla hujachungulia ndoo yako ya vijiko.