Nilikuwa Napoza Turbo

Saa nne na robo asubuhi niliingia gereji moja ya Tabata, lakini sikuzima Subaru yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba gari lenye turbo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, huachwa likiunguruma kidogo, lipoe. Kwenye buti nilikuwa na turbo kubwa zaidi ya kubadilishia, niliyoinunua kwa fedha za kuezekea nyumba yetu ya Chanika. Mke wangu alikuwa hajui.

"Shikamoo mzee. Mbona huzimi?" fundi aliuliza.

"Marahaba. Napoza turbo."

Vijana wenye magari ya mbio wakasogea. Fundi akafungua boneti, akainama, akainuka.

"Mzee wangu, hii haina turbo. Hilo tundu la juu ya boneti ni pambo, limebandikwa."

"Sasa alikuwa anapoza nini?" kijana mmoja akauliza.

Nilimpigia palepale aliyeniuzia ile turbo ya kwenye buti. Akasema mali ikishauzwa hairudi. Laki nane na nusu za kuezekea.