Sahani ya Nyau

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, wakikaangwa ikinipata, hata nikiwa pale steji ya matatu ya 56 na haraka zangu, hunirudisha mtaa wa Gatina, kwenye chumba chetu cha mabati. Namwona Bosko amefungwa kwenye mguu wa kitanda, anatetemeka mwili mzima kwa sababu ya paka.

Bosko alikuwa mbwa wetu, na chochote kilichokimbia alikiona ni chake. Kuku, pikipiki, ndala iliyorushwa, vyote alivifukuza. Siku moja alimfukuza Nyau, paka wa mwenye ploti, yaani mwenye vyumba tulivyopanga, hadi juu ya tangi la maji. Mwenye ploti alikuwa bibi mkali tuliyemwita Shosho. Alikuja mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Nekesa, hiyo mbwa ikishika paka yangu, itoke kwa hii ploti. Na sitaki kuona watoto wakilia hapa."

Mtoto wa kulia alikuwa mimi. Nilimpenda Bosko kuliko ndugu zangu wote, na sioni haya kusema.

Mama, aliyekuwa akiuza omena sokoni, hakubishana. Vile vichwa vya omena tulivyovinyofoa kabla ya kupika, akaacha kuvitupa. Jioni alimlisha Bosko upande wa kitanda, na Nyau, aliyevutwa na harufu, upande wa viti, pazia la chumba likiwa katikati. Walikula kila mmoja akisikia harufu ya mwenzake tu. Baada ya siku kadhaa akalipandisha pazia kidogo, kisha kidogo tena. Bosko akimkodolea paka macho, Mama alimwita kwa sauti ya chini. Akigeuka kumtazama Mama, alirushiwa kichwa kingine.

"Si umfungulie sasa?" nilimsumbua.

"Tulia, Nekesa. Bado anamtaka huyo paka. Anajifunza tu kungoja."

Tukimaliza, alinituma kwa Shosho na sahani iliyofunikwa. "Mwambie ni ya Nyau, asidhani tumemnyang'anya paka." Shosho mwenyewe alikuwa ametangazia ploti nzima kwamba visamaki vyenye macho havitaingia kinywani mwake. Alipokea sahani bila kucheka, na asubuhi akairudisha.

Hatimaye Bosko akafunguliwa kamba. Jioni hiyohiyo Shosho akaingia bila kubisha, akimtafuta paka wake kwa kelele. Nyau akashtuka, akachomoka mbio mbele ya pua ya Bosko. Bosko akaruka. Nikafumba macho.

"Bosko," Mama akasema, kama mtu anayeomba apewe chumvi.

Nilipofumbua macho, Bosko alikuwa amesimama katikati ya chumba, mguu mmoja juu, akilia kwa uchu na kuutazama mkono wa Mama. Alirushiwa vichwa vyote vilivyokuwa kwenye bakuli. Shosho alicheka hadi akashika mlango.

"Ngai! Haya, akae."

Bosko alikaa nasi hadi uzee wake, na usingizini miguu yake iliendelea kufukuza paka. Kwa miaka mingi niliwasimulia watu jinsi Mama alivyomfunza mbwa. Nilikuwa nimeshaolewa, nimesimama jikoni kwangu nikikaanga omena, nilipoikumbuka vizuri sahani ile. Omena wa kukaangwa, si vichwa, nyanya, vitunguu, dhania juu, na kipande cha ugali pembeni. Nikaanza kucheka peke yangu. Paka gani huyo alikula vitunguu, akamaliza ugali, na asubuhi akarudisha sahani imeoshwa?