Useo Hauswagwi

Mwalimu wa misheni aliyetufundisha kule Makueni alipenda kutuambia kwamba wema tumeletewa ndani ya kitabu chake. Kabla ya hapo, alisema, Mkamba alijua kuogopa tu. Nilikuwa msichana wa kukaa kimya darasani, lakini moyoni nilimpinga, na hadi leo nampinga. Sisi tuna neno letu la wema, useo, na mahali lilipozaliwa napajua. Lilizaliwa shambani, kwenye mwethya.

Mwethya ni kazi ya kuitana. Shamba limekushinda, au una nyumba ya kuezeka, basi unakwenda mwenyewe mlango hadi mlango kuwaita majirani. Wanakuja na majembe yao, unawapikia, wanafanya kazi wakiimba, jioni wanarudi kwao. Anayeitika akiitwa, huyo ndiye tuliyesema ana useo. Hakuna kitabu kilichotufundisha hilo. Kilimani kwetu, mama yangu ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Vita vikubwa vilipokwisha, serikali ikataka tuchimbe matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Chifu akawa anatuma askari kututoa majumbani alfajiri, na kazi hiyo ya fimbo akaibatiza jina la mwethya. Ule ulikuwa wizi mtupu. Tulichimba, maana mwenye nguvu mpishe, lakini tulichimba kimya kama watu wa matanga.

Siku moja disii, yule mzungu mkubwa wa wilaya, akaja kukagua matuta. Chifu akamwamuru mama aanzishe wimbo, mgeni asikie jinsi tulivyo na furaha. Mama akaendelea kuchimba. Chifu akamwinamia, nami nilikuwa hapo kando na jembe langu nikamsikia akisema kwamba asipoimba, atanyang'anywa mbuzi wake. Mbuzi hao ndio waliokuwa maziwa yetu na mahari ya kaka yangu. Disii naye akauliza, kwa kile Kiswahili chao cha amri, "Kwa nini hapana imba?"

Mama akainuka. Akamjibu chifu, si mgeni.

"Jembe mmenishikisha. Mdomo ni wangu. Useo huitwa, hauswagwi."

Jioni askari waliwaswaga mbuzi wetu wakapita nao mbele ya nyumba zote, ili kila mtu aone. Nililia kwa hasira. Mama alitukorogea uji usio na maziwa, akatuambia tunywe ungali moto.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, nyumba ya chifu iliungua. Alituma askari kukusanya watu wa kuijenga, nao wakakuta milango imefungwa na kilima kizima kimekwenda mashamba ya mbali. Mawingu yalipoanza kujikusanya, akaja mwenyewe, bila askari na bila kofia, akasimama uani kwetu.

"Mama," akasema, "nimekuja kukuita."

Mama akaenda kuchukua mundu wa kukatia nyasi. Nilighadhibika, nikamkumbusha kwamba huyu ndiye aliyetunyima maziwa.

"Amekuja kwa miguu yake," akanijibu. "Nikikataa, itakuwa kweli kwamba sisi twafanya kazi kwa fimbo tu."

Basi tukaenda, na majirani wote wakaja, maana wao pia alikuwa amewapitia. Wanaume walipanda juu, sisi tukawa tunawapa nyasi kutoka chini. Hapo ndipo mama alipoanzisha wimbo. Aliwaimba mbuzi wake mmoja mmoja: yule mwekundu mwenye sikio lililopasuka, yule aliyezaa mapacha, yule mweupe aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Watu wote wakaitikia. Kwenye mwethya mwimbaji hakatizwi, hata kama anakuimba wewe uliyemwita, kwa hiyo chifu alibaki amesimama kando ya vyungu vya chakula chetu, akisikiliza.

Mbuzi hawakurudi hata mmoja. Nyumba tuliiezeka vizuri, na mvua ilipokuja haikuvuja tone.