Nilivyowachukua Alama za Vidole Wageni wa Arusi

Mnaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo najua mshasikia kwa watu, lakini mlichosikia ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya mpaka leo nikifika Takaungu nipite njia ya nyuma. Bora nisimulie mwenyewe, angalau nichague pa kuanzia.

Nilikuwa namalizia masomo ya sayansi ya uchunguzi wa jinai, ile ya damu, nyuzi na alama za vidole, na kilichobaki kilikuwa nafasi ya kujifunza kazi katika maabara, ambayo bila hiyo huhitimu. Nimeandika maombi kila mahali, kimya. Ndipo Shangazi Rukia, aliyekuwa akimwoza bintiye Zuhura huko Takaungu, akaniambia, "Rafiki yangu Salma yuaja kutoka Mombasa, na yeye ndiye mkuu wa maabara moja huko. Kaa naye, akuone una adabu." Nilichotakiwa ni hicho tu, kuonekana nina adabu.

Taabu ni kwamba masomo yale yalinitia shaka na kila kiumbe. Nyumbani maziwa yakipungua natazama midomo ya watu, na mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi najiuliza anaficha nini (mama yangu alikoma kunisalimia asubuhi).

Siku ya kutia hina, baada ya adhuhuri, wanawake wamejaa ukumbini mikono imenyooshwa, niliingia chumbani kwa bi arusi nikakuta kisanduku cheusi cha kuwekea dhahabu kiko wazi na bangili haimo. Nayo ilikuwa ya kuazima, kwa jamaa zetu wa Mambrui, maana kwetu bi arusi huvishwa dhahabu ya ukoo mzima na baadaye kila mtu hurudishiwa chake. Mwenye akili angeuliza, "Jamani, bangili iko wapi?" Mimi nikaamua nisiulize, kwa sababu ukiuliza mwizi anashtuka, na mengine yote yalifuata hapo.

Nilichukua poda ya mtoto na brashi ya Zuhura ya kupakia mashavu, nikanyunyiza juu ya kifuniko polepole, na wallahi ikatokea alama ya dole gumba, safi, kovu limepita katikati. Nikaibandua kwa selotepu huku moyo unanidunda kwa furaha (furaha, eti, na mali ya watu imepotea). Mshukiwa nilikuwa naye tayari: Bi Mwanahawa, somo wa Zuhura, yaani mama anayemfunda na kumtunza bi arusi, ambaye nilimwona akitoka chumba kile mbiombio, kitu kimefichwa chini ya buibui, na hata hakuaga.

Basi nikatokea ukumbini na karatasi nyeupe na rangi ya mdomo, nikatangaza kwamba kuna kitu kimepotea (sikusema kitu gani, ili mwizi asijue ninachokijua) na hakuna kutoka mpaka kila mtu aweke dole gumba. Wenye hina mbichi walisema hawawezi, nikawajibu kwamba hayo ndiyo maneno ya mwenye la kuficha, nikamshika mkono mamake bwana arusi, na lile ua la hina lililochukua asubuhi nzima likamharibikia kiganjani. Shangazi akaketi chini. Bi Salma alikuwa ananitazama tu, nami nikadhani amependezwa.

Mara akarudi Bi Mwanahawa, chetezo cha kufukizia udi mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Lete kidole."

"Marahaba. Kidole cha nini?"

"Bangili ya Mambrui haipo, na wewe ndiye uliyetoka mwisho."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliweka chetezo chini, akabonyeza dole lake karatasini, kisha akasema, "Bangili imo ndani ya nguo za arusi. Nimezipeleka kwangu kuzifukiza udi, na nimezifunika zisipate jicho la mtu. Rukia ndiye alonipa kwa mkono wake."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Dole la Bi Mwanahawa halikuwa na kovu.

"Mwanangu," Bi Salma akaniuliza taratibu, "hiyo alama umeilinganisha na yako?"

Nikageuza dole gumba langu. Kovu lilikuwapo, nililolipata kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na hapo nikakumbuka kwamba asubuhi ile mimi mwenyewe nilikifungua kisanduku nikaijaribu bangili. Hakuna aliyecheka, na nilikuwa naomba acheke hata mmoja.

"Katika kazi yetu, mtu hufungwa kwa neno letu," Bi Salma akasema. "Kamwombe radhi huyu mama. Akinipigia simu mwenyewe kwamba amekusamehe, njoo. Asiponipigia, usije."

Nilikwenda kwa Bi Mwanahawa asubuhi baada ya asubuhi, nikamfagilia ua, nikamkunia nazi, naye ananipa chai na kunizungumzia joto la siku hizi. Mwishowe alishika simu mbele yangu akasema, "Alikosa, lakini ni mtoto wetu. Mchukue." Nililia magotini pake, nikaapa kwamba nitauliza kwanza kabla ya kumdhania mtu, na kwamba alama ya kwanza nitakayochukua popote itakuwa yangu.

Siku ya safari ya Mombasa nikaenda kumuaga. Tukanywa chai, akaniombea dua ndefu ya kheri, nikasimama.

"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema. Akavuta sinia, akahesabu vijiko. Akavihesabu tena.

"Haya, vimetimia. Nenda salama."