Sketi ya Mama Mkwe

Mutunga aliijua ile sauti kabla hajainua uso kutoka kwenye cherehani. Mama mkwe wake, Syokau, alikuwa amesimama nje, kando ya mlango, mahali ambapo aliye ndani hamwoni wala yeye hamwoni aliye ndani. Tangu wamzike Kaluki, binti yake na mke wa Mutunga, mama huyo hakuwa amefika hapo dukani, soko la Kathonzweni.

"Nduku," alimwambia mwanamke anayeuza ndengu mlangoni, "mwambie fundi nimeleta kitambaa. Nataka sketi ya kanisa."

"Amesikia, susu," Nduku akamjibu nyanya huyo. "Hana pamba masikioni."

"Mwambie tu."

Nduku akageuka. "Fundi, umeagizwa sketi."

Ndivyo walivyozungumza miaka yote. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja. Hiyo ndiyo nthoni, na Mutunga alilelewa nayo kama alivyolelewa na uji. Sasa fundi azungushe futi kiunoni mwa mama mkwe? Afadhali duka liungue. Kaluki ndiye aliyempima mamake, nyuma ya pazia, akitaja namba kwa sauti huku wawili hao wakicheka. Siku hizi nyuma ya pazia palikuwa na magunia ya vipande vya nguo.

"Lete futi, nimpime mimi," Nduku akasema.

"Sipimwi," Syokau akajibu. "Vipimo anavyo. Mimi na Kaluki tulikuwa tunavaliana nguo. Ile gauni yake ya bluu nilimnyang'anya, akanifukuza mpaka kisimani."

Akaweka kitambaa juu ya gunia la ndengu, akaenda zake.

Kilikuwa kitambaa kizuri, rangi ya damu ya mzee, kizito kiasi. Mutunga akakipapasa muda mrefu. Yeye na Kaluki hawakujaliwa mtoto. Watu wa soko walisema "marehemu", mchungaji alisema "dada yetu", na nyumbani hakukuwa na wa kusema lolote. Alikuwa akichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, kisha anaimwaga nusu. Mama huyu peke yake ndiye aliyekuwa bado anasema "Kaluki". Sketi ikimkaa vizuri, atarudi na kitambaa kingine. Ikimkataa, atapata fundi mwingine, mwanamke, atakayempima bila shida, na hatakuwa tena na sababu ya kusimama pale mlangoni.

Akaitoa paterni ya Kaluki msumarini. Ilikuwa ya gauni, karatasi ya khaki, mbele na nyuma, kutoka shingoni mpaka pindoni bila kukatika. Aliichora wakiwa wachumba. Hakutaka kuigawa kwa makasi. Akaikunja kwenye mstari wa kiuno, kifua kikalala chini na nyonga zikabaki juu. Hapo tayari ilikuwa sketi. Juu ya kiuno angeacha kitambaa kidogo cha kushikilia ukanda, zipu ingehama kutoka mgongoni ikae ubavuni, na urefu angeuongeza, maana mama hakupenda mashavu ya miguu yaonekane.

Zilibaki pini.

Kaluki alipoanza kuumwa, Mutunga aliikunja karatasi ubavuni na kuibana kwa pini, ili gauni lisimpwaye. Baadaye akaikunja tena, akabana. Kila mkunjo alimficha mkewe, akisema mtindo wa nguo za kubana umerudi, naye Kaluki akakubali kudanganywa. Gauni la mwisho, alilozikwa nalo, lilikatwa pini hizo zikiwa pale pale.

Mutunga akashika pini ya kwanza, akaiacha. Akajiambia wazee nao hukonda. Akajiambia mama amelia mwaka mzima, hawezi kuwa na mwili ule ule. Akalaza paterni juu ya kitambaa na pini zake, akapiga chaki, akakata.

Siku ya soko iliyofuata Syokau akaja kujaribu. Mutunga akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka, akaketi kwenye kigoda cha Nduku kumlindia ndengu. Nduku akaingia na mama nyuma ya pazia.

"Vuta tumbo, susu."

"Nimelivuta mpaka limegusa mgongo."

"Basi usipumue."

"Nikaimbe kanisani bila kupumua?"

Wakacheka. Kisha kicheko cha mama kikakatika.

"Nivue, Nduku. Kiuno hiki nakijua. Ni cha gauni la mwisho. Mikono hii ndiyo iliyomvalisha."

Mutunga alikuwa ameshika kikombe cha kupimia ndengu. Mteja alikuwa mbele yake, anauliza kitu; hakumsikia.

"Mutunga," Syokau akasema. Hakumtuma Nduku. Jina lake lilipita pazia na ukuta wa mabati, likamfikia moja kwa moja. "Kaluki hakuwa hivi. Kaluki alikuwa amejaa."

Wakabadilishana nafasi, kila mmoja akimpisha mwenzake bila kuonana. Mutunga akafungua paterni mezani. Pini zilikuwa zimeshika kutu, moja ikamchoma. Alipoitoa ya mwisho karatasi ikajilegeza, ikapanuka pande zote mbili, na nyonga za mkewe zikawa pale mezani, pana, jinsi zilivyokuwa. Akazifunika kwa viganja. Halafu akafumua ubavu wa sketi. Alikuwa na desturi ya kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, na kitambaa hicho kilitosha. Ukanda alikata mwingine, kutoka kwa kipande kilichobaki.

Nje, Syokau alikuwa amempa mlango mgongo, akimsimulia Nduku jinsi Kaluki alivyomfukuza mpaka kisimani kwa ajili ya gauni la bluu, na jinsi alivyoanguka kwenye matope. Alisimulia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyeketi karibu naye. Mutunga akashona polepole.

Wakapishana tena, na sketi ikamkaa. Mama akatoka nje, akaikunja, akaiweka kwapani.

"Nduku, mwambie fundi nitaleta kitambaa cha blauzi. Vipimo vya juu pia anavyo."

"Amesikia, susu."

"Mwambie tu."

Nduku akageuka amwambie. Mutunga alikuwa ameinamia cherehani, anakanyaga kwa nguvu, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.